Sauti Niliyoiba Kwenye Maombi

Wewe unayenikuta leo kwa mara ya kwanza, usijali, hujakosa harusi. Umekosa mikosi mitano tu, na iliyobaki inatutosha sote.

Naitwa Sylvanus Owuor, mpiga kinanda kutoka Kisumu. Nimekwisha kukiri hapa jinsi nilivyokuja Kampala kufuata bendi ya hoteli, na bendi ikavunjika kabla sijafungua begi. Nimekiri jinsi mvua ilivyoingia chumbani kwangu ikakiua kinanda changu. Nimekiri pia jinsi nilivyomdanganya mama yangu kwamba nawapigia mabalozi muziki kule Nakasero, naye akawatangazia majirani wote.

Nilipoishia, nilikuwa nimebakiwa na watu watatu katika mji huu.

Wa kwanza ni Gradi, Mkongo wa Bukavu, fundi wa midundo ya kompyuta. Wa pili ni Rehemah, msichana wa hapa hapa Kampala, mwenye spika na mwenye masikio. Sisi watatu tulikuwa kundi.

Wa tatu ni Mama Nabintu, aliyekuwa akiuza sombe, yaani kisamvu, katika soko la Nakawa. Nilikuwa napiga kinanda katika kanisa lao la Wakongo, na kila baada ya ibada alinichukua kwake akanilisha. Aliniita mutoto yangu. Tangu nivuke mpaka, hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza kama nimekula.

Leo nitawaambia nilivyomlipa.

*

Shida ya kundi letu ilikuwa moja. Tulikuwa na kompyuta, tulikuwa na spika, lakini sauti yetu wenyewe hatukuwa nayo.

Tulipiga mara moja Bugolobi, kwenye ghala kuukuu ambako vijana wa muziki wetu wa kompyuta hukusanyika Jumapili mchana. Tulipomaliza, Rehemah alitusubiri nje, mikono kiunoni.

"Gwe Owuor! Watu walikaa chini."

"Walikuwa wanasikiliza."

"Banange! Hapa mtu nasikiliza na miguu. Mmoja nilimwona iko naangalia simu yake."

Gradi akacheka. Lilikuwa kosa.

"Na wewe usicheke. Owuor nafuata wazungu, wewe nafuata Owuor. Musiki yenu iko kama friji ya ofisi, nguruma nguruma tu. Mimi nataka kitu yenu. Kitu mtu hawezi pata kwa mwingine."

"Kama nini?" nikauliza.

"Mimi najua? Tafuta! Wiki mbili, wale watu wa tamasha kubwa wanakuja kuchagua makundi. Mkileta tena friji, mimi natoka. Kale, sawa?"

Akapakia spika zake akaondoka. Nilirudi chumbani nikalala na viatu. Sikuwa na nguvu hata ya kuvivua, maana nilijua amesema kweli.

*

Kwa wasioijua ibada ya Wakongo, nieleze jambo moja.

Hufika wakati Mchungaji Mushagalusa husema, "Kila mutu afungue kinywa yake." Basi watu wote huomba kwa sauti, kwa pamoja, kila mtu kwa lugha ya kwao. Watu mia mbili. Mwingine analia, mwingine anapiga kelele, mwingine anajigonga kifua. Humsikii hata aliyepiga magoti karibu yako. Mpiga kinanda kazi yake ni kushikilia sauti moja ya chini mpaka wachoke.

Siku moja Mama Nabintu aliniambia kwa nini anaupenda wakati ule kuliko ibada yote.

"Pale njo naweza kusema yote," alisema. "Hakuna mutu anasikia. Paka Mungu peke yake."

Nilikuwa natafuna samaki wake aliponiambia hivyo. Nakumbuka vizuri, kwa hiyo sina pa kujitetea.

Jumapili iliyofuata niliwasha simu yangu irekodi, nikaiweka pembeni mwa kinanda. Nilitaka ule mvumo wa watu mia mbili tu, naapa. Lakini Mama Nabintu alikuwa na mahali pake pa kupiga magoti siku zote, na mahali penyewe ni pale pale pembeni mwa kinanda.

Simu ilimnasa yeye.

*

Jioni ile tulisikiliza chumbani kwa Gradi. Mvumo wa watu ulikuwa chini, na juu yake sauti moja ya mwanamke, imekauka, inapanda, inakatika, inaita jina: Reine. Halafu inashuka. Halafu inaita tena.

Nywele zilinisimama. Gradi alivua hedifoni, akakaa anaangalia sakafu.

"Anasema nini?" nikamuuliza. Mama alikuwa anaomba kwa Kimashi, lugha ya nyumbani kwao na kwa kina Gradi. Mimi sijui hata salamu yake.

Akaiweka hedifoni mezani.

"Eko naomba tu. Eko nashukuru Mungu."

"Na huyu Reine?"

"Mutu. Labda mugonjwa anaombewa. Ndugu, tufanye kazi."

Tukafanya kazi.

Nisikilize, msomaji. Mama mwenyewe alikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Ningeweza kwenda kumuuliza, na sikwenda. Nilimuuliza Gradi kwa sababu nilijua Gradi atanipa jibu nilitakalo, na nilimwogopa mama kwa sababu angeweza kukataa.

Tulikesha siku tatu. Tukaikata ile sauti vipande, tukairudia, tukaipunguza mwendo, lakini maneno yake tukayaacha yasikike. Gradi akaweka mdundo mzito chini yake, mimi nikarudisha ile sauti yangu moja ya kinanda cha kanisa. Kila mdundo ulipokatika, jina lilibaki peke yake: Reine.

Rehemah alipokuja kusikiliza aliketi sakafuni, akavua viatu. Akausikiliza wimbo mpaka mwisho.

"Hii sasa," akasema. "Hii iko nyinyi."

*

Siku ya kuchaguliwa nilimwalika Marlène, binti yake Mama Nabintu. Ana miaka ishirini na mmoja, anashona nguo. Alizoea kunitania kwamba Wajaluo tunaongea Kiingereza hata na kuku. Aliniita Yaya Sylva, kaka mkubwa. Sikumwambia kuna nini ndani ya wimbo. Nilitaka kumshangaza.

Ghala lilijaa. Watu wa tamasha walisimama nyuma na makaratasi yao.

Sauti ya mama ilipoingia, watu waligeuka wote. Mdundo uliposhuka, wakaruka. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mara ya tatu jina lilipobaki peke yake, walikuwa wameshalishika, wakalirudisha kwa vinywa vyao: "Reine! Reine!"

Kwa dakika sita sikuwa mgeni wa mtu. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitaka kulia, na sioni haya kusema.

Katikati ya umati nikamwona Marlène. Wote walikuwa wanaruka, yeye amesimama, mikono imeanguka pembeni. Nikadhani ameguswa. Nilimpungia mkono, mjinga mimi.

Akageuka akatoka.

Nilimkuta getini, ameshika nguzo.

"Ile ni mama," akasema.

"Umemtambua!" Bado nilikuwa nacheka. "Si ni maajabu?"

"Yaya Sylva, unajua eko nasema nini?"

"Anamshukuru Mungu."

Akaiachia nguzo. Halafu akanitafsiria, polepole, kama mtu anayesomea mwingine barua.

"Anasema: Mungu, nilimwambia Reine akae kwa ukuta ya kanisa, nikamwambia narudi. Nilijua sirudi. Mguu yake ilikuwa inavimba, hakuweza kutembea tena. Risasi zilikuwa zinakuja. Sikuweza kubeba wawili. Nilibeba mudogo."

"Reine ni nani?" Nilikuwa nimeanza kujua, lakini niliuliza.

"Dada yangu mukubwa. Mama aliniambia alikufa na homa, mbele ya sisi kukimbia. Maisha yangu yote najua ile ya homa." Akafuta uso kwa kiganja. "Mi nilikuwa na miaka tatu. Ule mudogo njo miye."

Ndani, watu walikuwa wameomba wimbo urudiwe, na Rehemah alikuwa ameurudia. Tulisimama pale getini tukisikiliza watu mia tatu wakiliita jina la dada yake.

"Sasa najua juu ya nini hataki bamwite Mama Marlène," akasema.

Nami nikaelewa. Kanisani kwao kila mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama Nabintu peke yake alikataa. Aliposalimiwa "Mama Marlène" hakuitika, mpaka watu wakazoea kumwita Nabintu, jina lake la usichana, wakasema ana maringo.

Marlène alisimamisha boda boda. Nilimuuliza anakwenda wapi, akapanda akaenda zake.

*

Nilimvuta Gradi nyuma ya ghala.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniambia anamshukuru Mungu!"

"Owuor, kwetu kila mama eko na Reine yake. Mama yangu pia eko naye. Kama ningesimama kwa kila moja, singefika hata Kampala." Akanigeukia. "Na we, ungelijua ile siku, ungeacha?"

Nilifungua mdomo kusema ningeacha. Nikajua ningekuwa nasema uongo.

Rehemah akaja mbio, anapiga makofi, anatukumbatia wote wawili kwa pamoja.

"Wametuchagua! Wamesema ile ya Reine, ile ile, tusibadilishe kitu! Jamani, mbona sura zenu iko hivyo? Mtu amekufa?"

Miezi kumi na minne nilikuwa nimeingoja habari ile. Nilimshukuru Rehemah, nikaingia ghalani kukunja nyaya za spika.

*

Jumatatu nilikwenda Nakawa.

Mama Nabintu alikuwa kwenye kibanda chake, anachambua majani ya sombe. Aliponiona akasogeza kigoda.

"Mutoto yangu, umekonda. Kula kwanza."

"Mama, nina neno."

"Neno haikimbii. Kula."

Nikala. Nilipomaliza nikamwambia yote, kuanzia simu mpaka ghala. Sikumsingizia Gradi. Nilisema nilirekodi, nilikata, nilipiga.

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua majani.

"Nataka kusikia," akasema.

Nikamvalisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho. Katikati, mikono yake ilisimama, majani yakabaki mapajani.

"Banacheza na hii?"

"Wanacheza, mama."

"Banataja jina yake?"

"Wanalitaja."

"Marlène amesikia?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Njo maana hakulala nyumbani," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Akavua hedifoni, akanirudishia. "Sikukuzaa, Sylva. Lakini nilikuita mutoto. Mutoto haangaliaka mama yake uchi."

Nilipiga magoti pale sokoni, kwenye majani. Wateja walitutazama. Hakunigusa.

"Futa. Yote. Ukimaliza unipigie, unambie mama nimefuta. Na Jumapili usikuje."

Nilikuwa nimekula katika sahani ya bati yenye ua jekundu, ambayo alikuwa amenitengea mimi tangu mwanzo. Aliiosha, akaifuta kwa kanga yake, akaitia kwenye mfuko, akanipa. Nilitembea nayo kutoka Nakawa hadi chumbani kwangu, na sikuwa na mtu wa kumwambia kilichonipata.

*

Wimbo ulikuwa kwenye kompyuta yangu na kwenye simu yangu, basi. Nakala nyingine haikuwapo. Jumanne nikawaambia wenzangu kwamba naufuta.

Gradi alisema, "Fanya vile roho inakwambia," akazima simu yake. Hakuiwasha tena.

Rehemah hakuwa mpole hivyo.

"Owuor, nakuomba. Ile mama namhurumia, Allah anajua. Lakini ile ndio sauti yetu. Ukifuta, kundi hakuna. Tamasha hakuna. Utarudi Kisumu kuwaambia nini?"

"Sijui."

"Hujui! Basi ukifuta usinitafute tena."

Kwa hiyo hesabu ya watu wangu watatu mnaiona. Kanisani nimekatazwa. Gradi amezima simu. Rehemah amebaki kwa sharti nisilolimudu.

Jumatano mchana mvua ilikuwa inanyesha. Niliketi kitandani, kompyuta mapajani, nikaufungua wimbo. Nikauwekea alama ya kufutwa. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza mara moja, kisha nifute na wa kwenye simu.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa Marlène, amelowa chapachapa, macho mekundu. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Umefuta?"

"Ndiyo kwanza nataka kufuta sasa hivi. Mama ameagiza."

"Usifute."

Nilidhani sikumsikia kwa sababu ya mvua. Akaingia, akaketi sakafuni, akanishika mguu kama mtu anayeomba.

"Yaya Sylva, Reine alikuwa na miaka nane. Mutoto wa miaka nane anajua sauti ya mama yake. Kama eko hai, leo eko na miaka makumi mbili na sita. Kama ile wimbo itapigwa kwa tamasha, batu bataipeleka. Itafika Bukavu. Itafika Goma, itafika Bujumbura. Atasikia mama anamuita."

"Na kama alikufa pale ukutani?"

"Basi hatasikia. Tutakuwa tumepoteza nini?"

"Mama yako, Marlène. Tutampoteza mama yako. Hataki mtu asikie. Nilimuibia mara moja, sasa unataka nimuibie mara ya pili?"

"Mama alikaa kimya miaka kumi na nane!" Sasa alikuwa analia waziwazi. "Alibeba miye, akaacha ule. Mi njo nilibebwa. Wacha mi nimutafute."

Wote wawili walikuwa na haki, mama na mtoto, na mimi ndiye mwizi niliyeshika kitu cha wote wawili.

Simu ikalia kitandani. Tuliiangalia. Jina lilikuwa Mama Nabintu.

"Pokea," Marlène akanong'ona. "Weka sauti nisikie."

Nikapokea, nikaweka sauti ya nje.

"Sylva." Nyuma yake nilisikia soko, na mtu anatwanga kinuni. "Nangoja tangu juzi. Umefuta?"

Marlène alikuwa anatikisa kichwa: hapana, hapana, hapana. Nilimwangalia yeye, nikaiangalia kompyuta. Wimbo ulikuwa pale pale, umewekewa alama, haujaguswa.

Nikachagua njia ya mwoga, ambayo nimekuwa nikiichagua tangu wiki ya kwanza ya kisa hiki.

"Ndiyo, mama. Nimefuta."

"Yote?"

"Yote, mama."

Mchi uliendelea kutwanga. Nilidhani sasa atanishukuru, au atakata simu. Nilimsikia akivuta pumzi mara moja, mara mbili. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Hata ile kidogo tu? Pale naita jina yake? Hakubaki hata ile?"

Kabla sijafungua mdomo, Marlène aliinyakua simu mkononi mwangu.